Kabla ya Mtandao Kulikuwa na Stempu na Redio: Historia Fupi ya Kusoma Mbali na Mwalimu

Siku hizi ukikaa na kijana yeyote wa mjini mkazungumzia kujiendeleza, hazipiti dakika tano kabla hajataja kozi ya mtandaoni. Mmoja anasoma uhasibu, mwingine anasoma kutengeneza programu za kompyuta, wa tatu ana vyeti vinne ambavyo hajui amwonyeshe nani. Matangazo nayo hayaishi: jifunze ukiwa nyumbani, jifunze kwa muda wako, mwalimu bora duniani yuko kwenye simu yako. Yanasemwa kama vile jambo lenyewe limezaliwa juzi.

Halijazaliwa juzi, ndugu msomaji. Lina umri wa zaidi ya miaka 180, na sisi wa Afrika Mashariki, hasa Watanzania, tuna sura yetu humo ndani ambayo hatuisimulii. Naandika kwa sababu naona tunarudia mambo ambayo yalishajaribiwa. Mengine yalifaulu, mengine yalianguka, na sababu zake zinajulikana. Hoja yangu ni moja na naiweka mezani mapema ili uipime: mtu akisoma mbali na darasa, kinachomfikisha mwisho si chombo kinachomletea somo. Ni watu anaosoma nao, na yule anayemfuatilia. Chombo kimebadilika mara nyingi sana. Hilo la watu halijabadilika hata mara moja.

Haya, turudi nyuma.

STEMPU YA PENI MOJA

Mwaka 1840 serikali ya Uingereza ilishusha gharama ya posta: barua yoyote ya kawaida iende popote nchini kwa peni moja. Kulikuwa na mwalimu aitwaye Isaac Pitman ambaye alikuwa amebuni mtindo wake wa hatimkato, yale maandishi ya haraka ya makarani na waandishi wa habari wa zamani. Aliona mlango umefunguka. Akawa anawatumia watu masomo kwa posta, wao wananukuu vifungu kwa hatimkato, wanamrudishia, naye anasahihisha na kuwapelekea tena. Angalia vizuri hapo. Kutuma somo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kusahihisha na kurudisha.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake. Kuanzia hapo mtu aliyeko mbali angeweza kupata shahada ya London bila kukanyaga London. Mlango huo ndio alioupitia hata Nelson Mandela, ambaye alisoma sheria na London akiwa mfungwa Robben Island, na hatimaye akapata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akiwa bado kifungoni.

Biashara nayo haikuchelewa. Marekani, katika mji wa Scranton, Pennsylvania, mhariri wa gazeti la wachimba makaa ya mawe aitwaye Thomas Foster alianzisha mwaka 1891 masomo ya posta kwa wachimbaji. Sheria ilikuwa inawataka wasimamizi wa migodi wafaulu mitihani ya usalama, na wachimbaji wengi walikuwa hawana pa kusomea. Haja ilikuwa ya kweli kabisa. Katika miongo miwili waliojiandikisha walipita milioni moja. Lakini mwanahistoria David Noble, aliyeandika juu ya vyuo vya posta vya Marekani, alionyesha upande wa pili wa pazia: mawakala wa mauzo walilipwa kwa kuandikisha, mwanafunzi alifungwa na mkataba wa ada, na sehemu kubwa ya faida ilitoka kwa wale walioacha njiani. Kwa mpango huo, mwanafunzi anayekata tamaa mapema ni faida: amelipa, na hakuna wa kumsahihishia.

Usiusahau mkataba huo. Tutakutana nao tena mbele ya safari.

REDIO YA BALOZI

Sasa tuje nyumbani. Wakati wa uhuru mwaka 1961 Watanganyika wengi walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaanza kufanya majaribio ya redio. Kulikuwa na kampeni ya Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, kisha Wakati wa Furaha mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka kumi. Lakini kubwa kuliko hizo ilikuwa ya mwaka 1973: Mtu ni Afya.

Kwa wiki 12 Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Kama mambo yangeishia hapo tusingekuwa na la kusimulia, maana redio zilikuwa chache. Siri ilikuwa vikundi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kabla kampeni haijaanza, na vitabu vilichapishwa kwa lugha nyepesi. Watu wanakusanyika, wanasikiliza, kitabu kinasomwa kwa sauti, wanajadili, kisha wanaamua: wiki hii tunafanya nini? Inakadiriwa watu milioni mbili walishiriki, na vyoo vilivyochimbwa vinahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Nilipokuwa naikusanya habari hii nilimuuliza mjomba wangu, aliyekuwa kijana kijijini wakati huo.

"Shikamoo mjomba. Hivi Mtu ni Afya mlikuwa mnasikiliza redio tu?"

"Marahaba. Redio gani? Redio ilikuwa moja, ya balozi wa nyumba kumi, na betri zikiisha tunasoma kitabu. Kazi yenyewe ilianza redio ikizimwa. Kiongozi anauliza, haya, nani hapa hana choo? Sasa wewe utanyoosha mkono mbele ya shemeji zako?"

Nilicheka, lakini nimesoma maandishi mengi ya kitaalamu kuhusu elimu ya masafa na sijaona aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi ya mjomba. Ile aibu mbele ya shemeji, na ule msaada wa jirani anayekuja na jembe kesho yake, ndivyo vilivyofanya kazi ambayo redio peke yake isingeiweza.

Kuna habari nyingine ambayo huwa tunaitania badala ya kuisoma. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 serikali iliamua watoto wote waende shule, na walimu hawakuwepo. Ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka madarasani kufundisha, na huku wanafundisha wakawa wanasomea ualimu kwa posta na redio, pamoja na wakufunzi waliowatembelea na kuwasimamia. Hao ndio "walimu wa UPE". Utani wetu juu yao ni mwingi, na ni kweli kwamba elimu yao ilikuwa na mapengo. Lakini walihitimu zaidi ya 35,000. Kwa kipimo cha kumaliza masomo, kozi chache sana za mtandaoni za leo zinaweza kusimama mbele ya mpango ule. Walikuwa na sababu ya kumaliza (kazi), walikuwa na wenzao shule moja, na kulikuwa na mtu anayekuja kuwakagua.

CHUO BILA UZIO

Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na Profesa Geoffrey Mmari akawa makamu mkuu wa chuo wa kwanza. Mfano uliotangulia ulikuwa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati yake mwaka 1969. Wanafunzi wa kwanza wa chuo chetu walianza mwaka 1994. Hakikuwa na mabweni wala kengele. Kilikuwa na vitabu vya masomo, vituo mikoani, vipindi vya ana kwa ana na mitihani inayosimamiwa. Walimu, polisi, mahakimu na makarani waliokosa nafasi kwa sababu ya umri au familia walipata mlango. Wengi walitumia miaka mingi kumaliza, na wapo waliokata tamaa wakisubiri vitabu au majibu. Hata hivyo mwenye shahada ya Chuo Huria alikuwa na kitu kimoja ambacho wenye vyeti vingi vya leo hawana: kila mwajiri nchini alijua amefanya mtihani mbele ya msimamizi.

Kisha ikaja ndoto ya satelaiti. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika. Mhadhara unatolewa ng'ambo, unarushwa kwa satelaiti, wanafunzi wa vyuo vya Afrika wanautazama kwenye skrini, na mwenye swali anapiga simu. Picha ilikuja upande mmoja tu. Mwaka 2002 makao yake yalihamia Nairobi na baadaye kikawa chombo cha serikali za Afrika zenyewe, kikaelekea zaidi kwenye mafunzo ya walimu. Somo lake la mwanzo lilibaki kuwa lile lile: ni ghali sana kumleta mhadhiri wa mbali, na bado unahitaji mtu wa karibu wa kuuliza kama mmeelewa.

Mwezi Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulizinduliwa katika pwani yetu, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea satelaiti, polepole na kwa bei ya kukatisha tamaa. Anayekumbuka intaneti kafe za Kariakoo na Posta anakumbuka kufungua ukurasa mmoja kisha kwenda kununua maji. Mkonga ulibadilisha mambo. Kwa mara ya kwanza mtu wa Sinza angeweza kutazama mhadhara wa Boston.

MWAKA WA MAAJABU, NA HESABU YAKE

Mihadhara hiyo ilikuwa inamsubiri. Chuo cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake wazi bure mtandaoni. Mwaka 2011 walimu wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua kwa dunia nzima kozi yao ya akili bandia ya Stanford. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka 2012 zikaja Coursera, Udacity na edX, hii ya mwisho ikiwa ya Harvard na MIT kwa mtaji wa dola milioni 60. Magazeti ya Marekani yaliandika kana kwamba vyuo vikuu vya matofali viko siku zake za mwisho.

Sasa hesabu. Watafiti wawili wa MIT, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walichapisha mwaka 2019 katika jarida la Science takwimu za kozi za Harvard na MIT. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufungua kozi kabisa. Waliomaliza katika mwaka wa masomo wa 2017 na 2018 walikuwa asilimia 3 hivi ya wote. Lakini miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Yaani mtu akiwa ameweka kitu chake rehani, mambo yanakuwa mengine. Udacity nayo ilijaribu mwaka 2013 kufundisha wanafunzi wa chuo kikuu cha San José State, California, na mpango ukasimamishwa baada ya wengi kufeli.

Na ile edX iliyoanzishwa bila nia ya faida? Mwaka 2021 iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Mwezi Julai 2024 kampuni hiyo iliyonunua ikaomba mahakama ulinzi wa mufilisi ili ipange upya madeni yake. Hapo ndipo ninapomkumbuka Foster wa Scranton. Kinachouzwa ni kuandikishwa. Kumaliza ni shauri lako.

ULE MWAKA WA MILANGO KUFUNGWA

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga shule karibu dunia nzima. Wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu walikuwa nyumbani mwezi Aprili. UNESCO ilieleza kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara wanafunzi 89 kati ya kila 100 hawakuwa na kompyuta nyumbani, na 82 hawakuwa na intaneti.

Tanzania ilifungua vyuo na kidato cha sita tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Kenya iliutangaza mwaka wa masomo wa 2020 kuwa umepotea, na madarasa yote yakarudi Januari 2021. Uganda ndiyo iliyoumia zaidi: ukiacha vipindi vifupi ambapo baadhi ya madarasa yalifunguliwa, shule zilikaa zimefungwa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Wapo wasichana waliorudi wakiwa na watoto mgongoni, na wapo ambao hawakurudi.

Katika kipindi hicho, kilichomfikia mtoto wa kijijini kilikuwa nini? Redio. Televisheni ya jirani. Ujumbe mfupi wa simu ya kitochi, kama walivyofanya Eneza wa Kenya. Katuni za Ubongo Kids, ambazo zilikuwa hewani Tanzania tangu 2014. Kwa hiyo tulirudi mwaka 1973 bila kusema. Ila mara hii tulirudi na redio bila kiongozi wa kikundi, kwa sababu korona yenyewe ilikataza watu kukusanyika, na kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaandaa viongozi 75,000.

SEMINA YA MOROGORO NA CHETI CHA UKUTANI

Upande wa makazini hadithi ina ladha yake. Zamani mwajiri akitaka kukufundisha alikupeleka semina Morogoro au Bagamoyo: siku tatu, posho, chai na sambusa. Makampuni yaligundua kwamba kozi ya mtandaoni haina posho wala kitanda. Leo ukiwa mfanyakazi wa benki au wa kampuni ya simu unaijua ile kozi ya lazima ya kila mwaka. Unabonyeza "endelea", unabonyeza tena, unajibu maswali kumi, unapata cheti. Mwajiri ana ushahidi kwamba amekufundisha. Kama umejifunza, hiyo ni habari nyingine. Siwatetei wapenda posho, lakini pale Morogoro, wakati wa chai, karani wa Songea alimwuliza karani wa Mwanza ninyi hili tatizo mnalitatuaje. Hakuna kozi ya kubonyeza iliyojaza pengo hilo.

Halafu kuna suala la kuaminika. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa inauza shahada za vyuo vya mtandaoni ambavyo havikuwepo. Kwetu, tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Vyeti hivyo vilikuwa vya shule za kawaida, havikutoka mtandaoni. Lakini nchi iliyopita katika tanuri hilo haiwezi kulaumiwa ikikitazama kwa jicho la pembeni cheti kilichochapwa nyumbani. Anayeumia ni yule kijana aliyesoma kweli, usiku, kwa bando lake, na hana namna ya kuthibitisha.

SASA TUFANYEJE?

Sipingi kozi za mtandaoni. Mimi mwenyewe nimejifunza kuchambua takwimu kwa njia hiyo, na nisingelipata somo hilo kwa ada ninayoimudu. Ninachopinga ni kudhani kwamba tukishagawa vifaa tumeshafundisha. Baada ya sensa ya mwaka 2022 serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Jambo jema. Swali la Mtu ni Afya liko pale pale: kiongozi wa kikundi ni nani, amefundishwa lini, na anamfuatilia nani?

Kwa kijana mwenzangu unayetaka kuanza kozi wiki ijayo, historia hii inakupa ushauri wa bure. Tafuta wenzako wawili msome kozi moja kwa wakati mmoja, mkutane kila Jumamosi hata kama ni kwenye kijiwe cha kahawa. Kabla ya kulipa, uliza nani atasahihisha kazi yako. Kisha mwulize mtu aliyeko kwenye ajira unayoitaka kama cheti hicho anakijua. Kwa waajiri: anayekuja na cheti cha mtandaoni mpeni kazi ndogo aifanye mbele yenu, saa moja inatosha kujua. Kwa vyuo vyetu: vituo vya Chuo Huria viko kila mkoa. Kwa nini visiwe mahali ambapo anayesoma kozi yoyote ya heshima anaweza kwenda kufanya mtihani mbele ya msimamizi, akalipa ada ndogo na kupata karatasi ambayo mwajiri wa Tanzania ataiamini?

Hilo la mwisho halihitaji mkonga mpya wala satelaiti. Linahitaji chumba, meza, na mtu wa kusimamia, na vyote hivyo tunavyo.

Naomba kutoa hoja.